Shangazi, mchumba wangu ananiita Bruce

"Shangazi, shikamoo. Mchumba wangu anaihusudu filamu ya zamani iitwayo His Girl Friday. Tumeitazama mara mbili. Watu wanapayuka kwa kasi mpaka kichwa kinaniuma. Nilipomuuliza kinachochekesha ni nini, akasema, 'Basi wewe ni Bruce.' Harusi ni Desemba. Ndiyo naachwa?" – Bruce wa Tanga

Marahaba, mwanangu. Pole, utani huo una mwiba. Bruce, aliyeigizwa na Ralph Bellamy, ni wakala wa bima wa mji wa Albany, Marekani, mpole, mwavuli mkononi, na kweli ndiye anayeachwa. Lakini kabla hujanuna, itazame tena.

Unakosea kukimbizana na kila neno. Howard Hawks, aliyeiongoza mwaka 1940, alitaka kila sentensi iwe na maneno ya ziada mwanzoni na mwishoni, ili mtu akidakiwa kinachomezwa kiwe makapi tu. Sikiliza katikati ya sentensi. Washa maandishi ya chini, simu weka mbali. Ni dakika 92 tu. Zile kelele za waandishi kwenye chumba chao cha mahakamani, kila mmoja na simu yake, ziache zikupite.

Kaza macho kwenye mambo mawili. Kwanza ofisini, mwandishi wa habari Hildy (Rosalind Russell) anapomwendea mhariri Walter (Cary Grant), mume waliyeachana, kumwambia anaolewa na Bruce. Wanadakiana, wala hakuna anayepotea: kila mmoja anajibu ambalo mwenzake hajalimaliza. Halafu mgahawani. Bruce anakula kwa adabu. Chini ya meza Hildy anampiga Walter teke, na Bruce hana habari.

Tena, katika mchezo wa jukwaani wa 1928 ulioizaa filamu hii, The Front Page, Hildy alikuwa mwanamume. Hawks alipomfanya mwanamke, ugomvi wa kazini ukawa wa ndoa vilevile. Ndiyo maana haichuji: Hildy anasema amechoka na gazeti, anataka kutulia nyumbani, lakini habari kubwa ikitokea vidole vinarudi kwenye taipu. Bruce hajui kwamba mkewe mtarajiwa anaipenda kazi yake. Nawe umeniandikia barua nzima bila kutaja mchumba wako anafanya kazi gani. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, si kasi ya maneno.

Usijigeuze Walter, lakini. Yule anamsababishia Bruce kukamatwa na polisi mara tatu, mojawapo kwa noti bandia. Mume gani huyo! Mwishoni anampeleka Hildy kuandika habari za mgomo huko huko Albany badala ya fungate, naye anatangulia mikono mitupu, mwanamke nyuma na sanduku lake.

Hapo simamisha picha, umuulize mwenzio angependa nani alibebe. Akianza kujibu, mdakie.