Nyimbo za Hatsune Miku kwa binti wa miaka 13

Dada, umeuliza binti yako aanze na nyimbo zipi za Hatsune Miku, mwimbaji wa kidijitali wa Japani. Mpe kwanza «Melt» ya mtunzi ryo, ya mwaka 2007. Msichana amekata nywele za mbele ili kijana amwone, kisha mvua inawakuta na mwavuli mmoja. Kwa umri wake ataielewa hata bila Kijapani! Ikimwingia, mwongezee «Tell Your World» ya mtunzi livetune, nyepesi na ya furaha.

Ila jua jambo moja. Miku si mtu, ni programu ya sauti iliyotolewa na kampuni ya Crypton ya Sapporo, Japani, kwa sauti ya mwigizaji Saki Fujita. Yeyote aliyeinunua anaitungia wimbo, kwa hiyo sauti ileile leo inaimba mapenzi ya shule, kesho inaimba kifo. Usiishie kwenye picha ya msichana mwenye nywele za kijani-buluu. Soma tafsiri ya maneno.

«Rolling Girl» ya mtunzi wowaka, kwa mfano, naipenda sana, lakini ina mstari unaotaja kusimamisha pumzi. Wimbo huo usimwachie peke yake na spika za masikioni. Keti naye, msikilize pamoja, umuulize ameusikiaje.