Mume anataka tuvuke nyika ya Australia, na kazi yangu iko Dar es Salaam

*Shikamoo Mama. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 36, na huu ni mwaka wa saba naishi Adelaide, Australia, pamoja na mume wangu. Yeye ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee na hufanya zamu za usiku. Mimi ni mhasibu wa kampuni iliyoko Dar es Salaam, na kazi yangu yote naifanya kwa mtandao kuanzia saa nane na nusu mchana hadi saa nne na nusu usiku kwa saa za huku. Mume wangu amepata likizo ya wiki nane kuanzia mwishoni mwa Juni. Amenunua gari lenye kitanda na jiko, na anataka twende hadi Darwin kwa mwendo wa kilomita 700 kwa siku, tukipitia njia ya vumbi ya Oodnadatta. Nilikubali kwa sababu sikutaka kumvunja moyo. Mwezi uliopita tulijaribu safari ya siku tatu katika milima ya Flinders, mtandao ukakatika nikiwa kwenye kikao, na meneja akanisubiri hadi akaahirisha. Mume wangu akasema kazi haikimbii, tena akalalamika kwamba alikoka moto akauota peke yake huku mimi nimejifungia garini na kompyuta. Tangu siku hiyo tunasemeshana kwa shida. Mshahara wangu ndio unaonunua dawa za baba yangu, siwezi kuuchezea, na meneja hajui lolote kuhusu safari hii. Je, nimwambie mume wangu aende peke yake?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu, halafu nikueleze sababu: usimwambie aende peke yake, wala usiende kwa mpango huu mlio nao sasa.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kilichonigusa zaidi ni saa zenu, kuliko huo mtandao uliokatika. Wewe unafunga kompyuta saa nne na nusu usiku, wakati ambao mume wako ameshatoka kwenda zamu. Anaporudi asubuhi, analala. Maana yake ni kwamba mnaishi nyumba moja lakini jioni hamna, na sidhani kama mmewahi kukaa mkalitamka jambo hilo kwa sauti. Mwanamume aliyekaa peke yake kando ya moto kule Flinders hakuwa akiidharau kazi inayomtibu mkwewe. Alikuwa ameendesha gari mamia ya kilomita kuitafuta jioni moja ya kukaa na mke wake, akaikuta nayo imeshachukuliwa na Dar es Salaam. Alilisema vibaya, na una haki ya kuumia, kwa sababu kazi hukimbia, na ikikimbia ni wewe utakayeulizwa. Hata hivyo, naomba ulisikie lile alilokuwa akilitaka, kwa kuwa dawa ya ugomvi wenu imo humo.

Nchi unayoizungumzia naifahamu kidogo. Niliwahi kukaa Alice Springs miezi saba nikimsaidia binti yangu kulea mtoto wake wa kwanza, na barabara ya Stuart, ile kuu inayopanda kutoka kusini hadi Darwin, nimeipita nikiwa kiti cha nyuma na mtoto mapajani. Kutoka Adelaide hadi Darwin ni kama kilomita 3,000, na Alice Springs iko karibu katikati. Kati ya mji na mji unaweza kwenda saa kadhaa simu isisome kitu. Kwa hiyo hofu yako ina msingi, na mume wako asikuambie kwamba unatia chumvi.

Hata hivyo, kuna neema ambayo ninyi wawili hamjaiona. Saa za Dar es Salaam zinakuachia asubuhi nzima. Wenzenu wengi wanaosafiri huku wakifanya kazi za ofisi za Sydney au Melbourne huanza kazi asubuhi, kisha hushika usukani jioni wakiwa wamechoka, na jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote katika nyika ile. Kangaruu hutoka kula jua linapozama na linapochomoza. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alimgonga mmoja wakati wa magharibi, rejeta ikapasuka kilomita 60 nje ya mji, na tukakaa pale saa nne na mtoto mchanga tukingoja gari la kuvuta. Tangu usiku ule simwamini dereva yeyote anayesema atawahi. Ninyi mnaweza kuondoka saa mbili asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda, mkapumzika kila baada ya saa mbili, na saa saba mchana mkawa mmesimama. Hapo mtakuwa mmekwenda kama kilomita 400, na bado una saa moja na nusu ya kula, kuoga na kuweka dishi lako la mtandao wa setilaiti kabla ofisi haijafunguliwa Dar. Kilomita 700 za mume wako, kwa mwendo wa halali pamoja na mapumziko, zingewafikisha saa kumi na nusu, yaani saa mbili nzima baada ya kazi yako kuanza. Hesabu hiyo umpigie kwenye karatasi, kwa upole, na uiache izungumze yenyewe.

Sehemu ndefu isiyogawanyika vizuri, kama ile ya Coober Pedy hadi Alice Springs yenye karibu kilomita 690, iwekeni Jumamosi. Na hata siku hiyo msisafiri usiku.

Sasa nizungumzie njia ya Oodnadatta, maana hapa nadhani ndipo moyo wa mume wako ulipo. Ni kilomita zipatazo 620 za vumbi na changarawe kutoka Marree hadi Marla, njia ya kale ya chemchemi ambayo wenyeji wa asili waliitumia kabla ya reli na kabla ya simu za waya. Marree palikuwa na wachunga ngamia Waislamu waliotoka pande za Afghanistan na India, ambao walijenga msikiti wa udongo katika karne ya 19; wewe mtu wa Tanga utapenda kusimama pale. Lakini njia hiyo haichanganyiki na kazi. Mvua kidogo tu ikinyesha hufungwa, na anayepita ikiwa imefungwa hutozwa faini kubwa. Basi usijaribu kuhesabu vocha za kampuni ukiwa William Creek, kwenye njia hiyo. Omba likizo ya siku saba, ya kweli, iliyoandikwa, na uitumie yote kwa njia hiyo. Siku hizo kompyuta ibaki imefungwa, na mume wako awe na mke wake kuanzia asubuhi hadi usiku. Ukimpa wiki hiyo nzima kwa ukunjufu, wiki zinazofuata hatakuonea kijicho unapokwenda kazini.

Mpange safari kwa kalenda ya kodi, mwanangu, kwani wewe ni mhasibu na unaijua kuliko mimi. Ondokeni baada ya tarehe 20 Juni, ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ikiwa imekwenda. Kama kampuni yenu hufunga mwaka Desemba, awamu ya kodi ya makadirio ya mwisho wa Juni uiandae kabla hujafunga mlango wa nyumba. Pitieni njia ya vumbi kwenye wiki ile ya likizo, kisha mwezi unapogeuka muwe mmefika Alice Springs, mji wenye maduka, hospitali na mtandao wa uhakika, na mkae hapo zaidi ya wiki moja ili ufunge hesabu za Juni na upeleke PAYE, ile kodi ya mishahara, bila kungoja tarehe 7. Baada ya hapo mtapanda polepole kupitia Tennant Creek na Katherine, na tarehe 18 Julai muwe Darwin kwa ajili ya VAT nyingine. Kwa mpango huo hakuna tarehe ngumu itakayokukuta porini. Tena kwa miezi hiyo South Australia, jimbo lenu, na Northern Territory, yenye Alice Springs na Darwin, hutumia saa ile ile. Ni kuanzia Oktoba ndipo South Australia husogeza saa mbele na Northern Territory ikabaki ilipo, na safari za wakati huo humvuruga kila mwenye vikao.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Usitegemee mtandao wa aina moja: uwe na laini ya kampuni yenye minara mingi zaidi vijijini, na uwe na dishi la setilaiti, ambalo huhitaji uwazi wa anga bila miti juu yake. Kumbuka kwamba utafanya kazi giza likiwa limeingia, wakati paneli za sola hazizalishi kitu, kwa hiyo mume wako afunge betri ya pili yenye uwezo wa kubeba dishi, kompyuta na taa kwa saa tano bila kugusa betri ya kuwashia gari. Kumbuka pia baridi. Watu wakisikia jangwa hufikiria joto, lakini usiku wa Julai pale Alice Springs maji kwenye beseni yaliganda, na vidole vilivyokufa ganzi haviandiki tarakimu. Utafanyia kazi ndani ya gari, siyo chini ya turubai. Mbebe maji ya kutosha siku kadhaa, mnunue kile kifaa kidogo cha kuita msaada kwa setilaiti, mkakisajili bila malipo kwa AMSA, mamlaka ya usalama wa bahari ya Australia, na gari likiharibika msilitoroke kwa miguu. Sitarefusha, kwa sababu naona mume wako ni mtu wa maandalizi.

Jambo ambalo sitakuficha ni kuhusu meneja wako. Umemlaumu mume wako kwa kutoiheshimu kazi yako, na wewe mwenyewe unakusudia kuiingiza nyikani kwa siri. Hilo halifai. Mtandao ukikatika tena, utalazimika kudanganya, na utadanganya ukiwa umekaa mita mbili kutoka kwa mume wako anayekusikia. Mwandikie meneja wiki hii. Mweleze utakuwa wapi na tarehe gani, siku zipi utakuwa likizoni, nani atapokea simu za dharura, na kwamba tarehe za kodi zote utakuwa mjini. Mtaje pia kikao kilichoharibika na umwombe radhi. Akikataa, basi mtakuwa mmejua mapema, na mtafupisha safari mkiwa nyumbani badala ya kugombana kando ya barabara.

Kisha mkae na mume wako, na usianze na kodi. Anza kwa kumwambia kwamba umeelewa ule moto wa Flinders ulikuwa na maana gani. Mwambie vilevile kwamba ulikubali safari kwa kumwogopea huzuni, na kwamba sasa unataka kukubali kwa hiari. Kama anaona kompyuta inaichafua nyika, mweleze habari ya waya wa simu (telegrafu) uliokamilika mwaka 1872 kutoka Port Augusta hadi Darwin, ambao barabara ya Stuart bado inafuata sehemu kubwa ya njia yake. Vituo vilipandwa jangwani, kimojawapo pale Alice Springs, na humo wafanyakazi walipokea maneno kutoka upande mmoja wakayapeleka upande wa pili, usiku na mchana, ili Adelaide izungumze na London. Kituo kile bado kipo, na watu hukitembelea. Nilipoingia chumba chao cha kazi, nilimfikiria binti yangu aliyekuwa nyumbani akinyonyesha huku akijibu barua pepe za ofisi, na sikuona kwamba kazi ni mgeni katika nchi ile. Mpeleke mume wako pale asubuhi moja.

Mwisho, jioni zake. Huwezi kumrudishia zote, ila ipo moja ndani ya kila siku ya kazi ambayo ni yako kisheria na hujaitumia. Saa saba mchana wenzako wa Dar es Salaam huinuka kwenda kula, na kwenu hiyo ni saa moja na nusu usiku, jua limezama kitambo na nyota za nyika zimeshuka karibu kama taa za bandarini. Saa hiyo toka garini. Usile ukiwa mbele ya kompyuta, kama ninavyohisi umekuwa ukifanya kwa miaka yote hii. Yeye awe amekoka moto, chakula kiwe tayari, na kwa saa nzima msizungumze habari ya kampuni wala ya kilomita. Na tarehe 7 Julai ofisi za Dar hufungwa kwa Saba Saba. Hesabu zako zitakuwa zimekwisha kwenda, mtakuwa Alice Springs penye duka la viungo, nawe utampikia pilau juu ya moto wake mwenyewe.