Kusini au Kaskazini: boksi lipi la chanjo ya mafua?

SWALI: Shikamoo sista. Mimi ni dereva wa watalii, naishi Sakina, Arusha. Mwaka jana mwezi wa saba homa ya mafua ilinikamata nikiwa na wageni Ngorongoro, nikalala siku sita. Mwaka huu nataka kuchanja kabla baridi haijaingia. Zahanati ya kwanza wamenionyesha boksi limeandikwa 2026, wakasema ni chanjo ya Kusini. Ya pili wana boksi la 2025/2026, bei nafuu, muda wake unaisha mwezi wa sita, wakasema hiyo ni ya Kaskazini, ndiyo wanayochanja Wazungu. Hapo pa pili nilikuta umeme umekatika. Nichanje ipi? Nyumbani nina mama wa miaka 67 mwenye sukari na presha, mke mwenye mimba ya miezi mitano, na mtoto wa miaka minne. Halafu, nikichanja leo, kesho naweza kwenda safari?

JIBU: Marahaba, baba. Ungefika kwangu hapa Moshi ningekuuliza kwanza kama uliliona friji lao. Hilo nitalirudia. Tumalize kwanza la Kusini na Kaskazini, maana linawachanganya hata wauguzi.

Kirusi cha influenza, yaani hiyo homa ya mafua iliyokulaza, hakikai na sura moja, kwa hiyo chanjo yake nayo hupangwa upya kila mara. Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka: Februari wanachagua aina za virusi zitakazowekwa kwenye chanjo ya baridi ijayo ya nchi za Kaskazini, Septemba wanachagua za nchi za Kusini. Wanawahi hivyo kwa sababu viwanda vinahitaji kama miezi sita kuitengeneza, na sehemu kubwa ya virusi vyake bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Boksi lenye mwaka mmoja ni la Kusini, lenye miaka miwili na mkwaju katikati ni la Kaskazini. Sasa piga hesabu: orodha ya lile la bei nafuu ilipangwa Februari 2025, ya lile la kwanza ikapangwa Septemba 2025. Zimepishana miezi saba.

Ukifuata ramani, Arusha iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa Ikweta, basi chanjo yetu ni ya Kusini na habari imekwisha. Lakini majina hayo yalitungwa kwa ajili ya nchi zenye kipupwe cha kweli, kama Ujerumani upande mmoja na Australia upande mwingine. Kwetu influenza huzunguka mwaka mzima, inapanda na kushuka. Na wewe kazi yako ni kukaa siku tano ndani ya gari moja na watu waliotoka pande zote mbili za dunia. Kwa hiyo mimi sitazami Kusini wala Kaskazini. Natazama orodha ipi ni ya karibuni na muda wa boksi unaishia lini. Kwa mwezi huu wa tano ni 2026. Ungeniuliza Novemba, na 2026/2027 ikawa imeshafika dukani, ningekutajia hiyo. Kwamba ndiyo wanayochanja Wazungu si sifa ya dawa, ni maneno ya kuuzia.

Boksi la pili si bovu. Mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa ni halali, na kama lingekuwa ndilo pekee mjini ningekuambia uchanje. Maadamu jipya lipo, sioni kwa nini ununue la mwaka uliopita kwa sababu limeshushwa bei.

Sasa friji. Chanjo hii inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, tangu kiwandani mpaka begani kwako. Watu wanaogopa joto, na umeme ukikatika kila mtu anashtuka. Lakini friji la chanjo lililofungwa vizuri hutunza ubaridi kwa saa kadhaa, mradi watu wasifungue mlango kila dakika kuchungulia. Ninachokiogopa zaidi ni kuganda. Chanjo ya influenza ikiganda inatupwa, hata kama iligandia usiku mmoja tu. Nilipoanza kazi, mahali fulani, niliingia Jumatatu asubuhi nikakuta maboksi yamesukumwa mpaka yamegusa ukuta wa nyuma wa friji. Nikafungua moja, dawa ndani ya bomba imekuwa barafu. Mwenzangu akaliweka bomba mezani, na baada ya muda likayeyuka, dawa ikaonekana kama kawaida. Akaniambia, “Si unaona iko sawa?” Haikuwa sawa, ila kwa macho usingejua. Ukichomwa hiyo utaumwa bega kama wenzako, utalipa kama wenzako, na baridi ikija huenda huna kinga.

Kwa hiyo usione haya, omba kuliona friji. Mlangoni au ukutani karibu yake panapaswa kuwa na chati ya joto, inayojazwa asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Itazame vizuri. Chati ya kweli ina namba zinazocheza, 4, 5, 3, 6, na miandiko tofauti. Nimewahi kuona iliyoandikwa 4 mwezi mzima kwa peni moja, mpaka tarehe 31 ya mwezi wenye siku 30. Na ukikuta chanjo zinalala pamoja na soda na mtindi wa wafanyakazi, aga kwa adabu uondoke. Hapo pa pili waulize: umeme ulikatika saa ngapi, na umeme uliporudi kipimajoto kilisoma ngapi? Muuguzi anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika.

Kwa nyumbani kwako, kama pesa ni ya kupimia, usianze na wewe. Chanjo hii haimo kwenye zile za bure za ratiba ya taifa, najua utalipa mfukoni. Anza na mama. Sukari, presha na umri wa miaka 67, influenza ikimkuta inaweza kushuka mapafuni ikawa nimonia. Aendelee na vidonge vyake kama kawaida. Akiwa anatumia dawa ya kuyeyusha damu amwambie muuguzi, ili pakandamizwe vizuri baada ya sindano. Mkeo naye ni wa mbele. Virusi vilivyomo kwenye sindano hii vimeshauawa, haviwezi kumpa ugonjwa yeye wala mtoto tumboni, na kinga yake humfikia mtoto akazaliwa nayo. Hilo ni kubwa, kwa sababu mtoto mchanga hachanjwi influenza mpaka afikishe miezi sita. Siku anayokwenda kliniki ya mama na mtoto kwa sindano ya pepopunda anaweza kupata zote mbili, moja kila mkono, na iandikwe kwenye kadi yake. Huyo wa miaka minne, kama hajawahi kuchanjwa influenza, anahitaji dozi mbili zilizopishana wiki nne. Wengi humpeleka mara moja wakasahau ya pili.

Asiyepaswa kuchanjwa ni yule ambaye dozi iliyopita ilimletea mzio mkali: kuvimba uso, kubanwa pumzi. Mwenye homa kali siku hiyo asubiri ipoe. Kamasi kidogo si kizuizi. Baada ya sindano kaeni hapo hapo dakika 15, hata kama gari la kukupeleka linapiga honi.

Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo ukichanja wiki hii, baridi ya Juni itakukuta tayari. Hupungua kadiri miezi inavyokwenda, ndiyo maana inarudiwa kila mwaka. Wala usinipigie mwezi wa nane kuniambia sindano haikufaa kwa kuwa umepiga chafya. Mafua ya kawaida yana virusi vyake vingine kabisa. Influenza ni ile inayokuangusha ghafla, asubuhi unaosha gari, jioni mwili wote unauma na homa imepanda. Nayo ukishikwa nayo, kapime malaria kabla ya kununua mseto, na amoksilini iache dukani, haiui virusi.

Safari ya kesho nenda. Bega litauma siku moja au mbili, pengine na joto kidogo la mwili, na parasetamo inatosha. Mwambie muuguzi akuchome mkono wa kulia, maana gia za Land Cruiser unabadilisha kwa kushoto, na ile barabara ya kushuka kreta haina huruma na bega linalouma.