Uliyekosa cheo, soma habari ya mtumwa Epictetus

Juzi kuna dogo kaniandikia inboksi, meseji ndefu hiyo, kwamba kazini kwao usupavaiza kapewa mtu aliyemkuta yeye ofisini, tena yeye ndo alimfundisha kazi. Kaka nifanyeje, hata kula siwezi. Nikacheka kidogo, samahani mdogo wangu, sio kwa ubaya, ni vile hiyo stori ni yangu kabisa, badilisha tu ofisi.

Na mimi nilimfundisha mtu. Nilimwonyesha mafaili yanapokaa, namna ya kufunga hesabu za mwezi, nani wa kumpigia mzigo ukikwama bandarini. Siku tunaitwa kikaoni nasikia "mpigieni makofi mkuu wenu mpya". Nikapiga. Nisikudanganye, hadi leo nikikumbuka yale makofi roho inachoma.

Aliyenitoa pale ni huyu mzee Epictetus, mwanafalsafa wa zamani. Kazaliwa karibu mwaka 50 baada ya Kristo huko Hierapolis, leo ni Uturuki, akawa mtumwa Roma. Bwana wake, Epaphroditus, naye alikuwa mtumwa aliyeachwa huru akafanya kazi kwa Kaisari Nero, yaani mtumwa wa aliyekuwa mtumwa, na juu ya hapo mguu unachechemea. Akasoma kwa mwanafalsafa Musonius Rufus, akaachwa huru, akafundisha, halafu Kaisari Domitian akafukuza wanafalsafa mjini, mzee akahamia Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule huko. Mafundisho tuliyonayo aliyaandika mwanafunzi wake Arrian, tena kwenye yale marefu, yanayoitwa Mazungumzo (Discourses), vimebaki vitabu 4 tu.

Watu wakimtaja wanakimbilia lile somo la yaliyo mikononi mwako na yasiyo mikononi mwako. Sawa, ndo msingi wake. Ila mimi iliyonishika ni ile ya saladi. Nakupa kwa maneno yangu: mwenzako kaalikwa karamuni, wewe hujaalikwa, umenuna. Haya, saladi sokoni ni obolo moja, hela ndogo ya Kigiriki. Mwenzako katoa obolo kabeba saladi, wewe hukutoa hukubeba. Nani kapunjwa? Yeye ana saladi, wewe una obolo yako. Na karamu nayo inauzwa, bei yake ni kumsifia mwenye nyumba na kuvumilia jeuri ya mabawabu wake.

Nikakaa nikapiga hesabu ya kile cheo. Kucheka vichekesho vya bosi visivyochekesha, kumletea gunia la mkaa kila ukitoka mkoani, kumpelekea umbea wa wenzio. Mwenzangu alilipa yote, tena kwa wakati. Mimi sikutoa hata senti, sasa nilikuwa nalilia nini?

Ya katikati niyaruke, shida ni shida tu. Nikaacha kazi, nikaanza kutoa mizigo kwa jina langu, na mwezi uliopita yule yule mkuu kanipigia, mzigo wao umekwama, eti "ndugu yangu tusaidie". Nikamtumia invoisi, bei kamili. Ndiyo nilifurahi, najua mzee angenigombeza.

Kwa hiyo mdogo wangu chukua karatasi uandike bei ya hicho cheo, yote, usijifiche. Ukiona unaiweza bila kuwa mtu mwingine, lipa, sio dhambi. Ukiona huiwezi, acha kulilia saladi. Kama umedhulumiwa mshahara hiyo kesi nyingine, nenda kadai, hapa naongelea cheo. Shida yenu vijana mnataka saladi mle na obolo mbaki nayo, na mzee kasema wazi mtu wa hivyo hatendi haki na hashibi. Andikeni bei! Narudia kwa sababu najua hamtaandika.

Na msione haya kufundishwa na mtumwa. Marcus Aurelius, Kaisari mzima, kaandika kumshukuru mwalimu wake Rusticus kwa kumpa maandishi ya huyu huyu Epictetus. James Stockdale, rubani Mmarekani aliyetunguliwa Vietnam 1965, akafungwa na kuteswa zaidi ya miaka 7, alisema huyu mzee ndo alimshikilia mle ndani. Wewe kiti cha usupavaiza tu ugali haupiti.

Kitabu chenyewe kinaitwa Enchiridion, kifupi sana, unakimaliza kwenye foleni ya asubuhi. Saladi iko sura ya 25, anza na hiyo, halafu rudi inboksi tubishane.