Maswali na majibu: chujio la tangi kubwa la samaki

Maswali ya safari hii karibu yote yamegusa kitu kimoja, chujio. Tangi kubwa ninalolisema hapa ni la lita 300 kwenda juu. Wenye madogo mnivumilie.

Swali: Tangi langu lina urefu wa sentimita 150, upana 60 na kina 60. Muuzaji amenipa chujio lililoandikwa lita 1,200 kwa saa, anasema litanizidi. Ni kweli?

Tuanze na hesabu. 150 mara 60 mara 60 ni 540,000. Gawa kwa 1,000, unapata lita 540. Mchanga, mawe na ile nafasi unayoacha juu vinakula kiasi, kwa hiyo tuseme maji yenyewe ni lita 460. Wafugaji wengi hulenga maji yote yapite kwenye chujio mara 4 hadi 6 kwa saa. Ukishika mara 5, unahitaji lita 2,300. La kwako halifikishi hata mara 3, na hapo tumeliamini boksi.

Boksi nalo lisomwe kwa tahadhari. Mara nyingi namba ile hupimwa pampu ikiwa tupu, bila sponji na bila kupandisha maji popote. Jaza sponji na kauri, yaani vipande vya udongo wa kuchoma vyenye vitundu, funga mipira ya kupitishia maji, pandisha maji mita moja na nusu, kisha acha uchafu wa wiki tatu ujikusanye. Mimi sishangai nikikuta imebaki nusu. Ukitaka kujua ukweli wa chujio lako, shika ndoo ya lita 10 usawa wa ukingo wa tangi, kinga maji yanayorudi, tazama saa. Ikijaa kwa sekunde 30, hizo ndizo lita 1,200 kwa saa.

Lakini kabla hujakimbilia pampu kubwa, uliza tumbo la chujio linabeba lita ngapi za sponji na kauri. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza dukani. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Kazi hiyo haifanywi na pampu. Inafanywa na bakteria walioganda kwenye sponji na kwenye vitundu vya kauri, wakipitiwa na maji yenye oksijeni. Pampu yenye mbio na tumbo dogo inazungusha sumu ileile kwa kasi zaidi.

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina oskar watatu kwenye lita 500. Ninunue chujio la kopo au nijenge sampu? Umeme kwangu hukatika mara kwa mara.

Marahaba. Oskar ni samaki wakubwa, hula kwa fujo na kuchafua kwa fujo, kwa hiyo wewe hesabu mzunguko wa mara 8 hadi 10 kwa saa.

Chujio la kopo, lile lililofungwa kabatini na kuunganishwa kwa mipira miwili, lina utulivu wake: halipigi kelele, halionekani, halimwagi mvuke sebuleni. Sampu ni tangi la pili chini ya lile la kwanza. Maji hufurika na kushuka, hupita kwenye sponji na kauri, pampu huyarudisha juu. Ukiwa nayo unaongeza jumla ya maji, unaficha hita huko chini, na kusafisha sponji ni kuinama na kuichukua kwa mkono. Kwa oskar watatu mimi ningejenga sampu bila kufikiri mara mbili.

Sasa umeme. Kopo limefungwa. Pampu ikisimama, bakteria wa ndani wanaendelea kuvuta oksijeni ya maji yaliyonaswa humo, na baada ya saa chache inakwisha. Wanaanza kufa na kuoza. Umeme ukirudi, pampu inayasukuma maji hayo yanayonuka moja kwa moja kwa samaki. Niliwahi kulipa ada ya somo hili: umeme ulikatika usiku, ukarudi nikiwa kazini, na jioni nikakuta samaki wote wako juu wanatafuta pumzi. Tangu siku hiyo, ukikatika zaidi ya saa mbili nachomoa plagi, nafungua kopo, namwaga maji yake, na sponji nazitumbukiza ndani ya tangi zisubiri huko. Weka pia pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, pamoja na chujio la sponji la kawaida. Ni kifaa cha kudharauliwa mpaka siku ya giza.

Sampu haina tatizo hilo la kufungwa, ila ina lake. Pampu ikisimama, maji ya juu yanaendelea kujivuta kushuka mpaka mdomo wa bomba uingie hewa. Kwenye tangi la sentimita 150 kwa 60, yakishuka sentimita 3 tu ni lita 27. Sampu isiyo na nafasi ya lita hizo itazimwaga sakafuni. Kwa hiyo toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji, kisha zima pampu kwa makusudi mchana ukiwa macho, uone yanaishia wapi. Na tundu hilo ulikague kila mwezi, maana konokono na mwani hupenda kuliziba.

Swali: Chujio moja kubwa au mawili ya kati?

Mawili. Moja likifa, lingine linashika zamu. Tena unaosha moja wiki hii na lingine wiki mbili baadaye, bakteria hawapotei wote kwa mpigo.

Swali: Nimefunga chujio lenye nguvu kama ulivyoshauri zamani, sasa diskasi wangu wamejibana kona moja na hawali. Nimekosea wapi?

Diskasi wana umbo la sahani na wamezoea maji yanayokwenda taratibu. Kwao mkondo mkali ni upepo usiokoma. Usipunguze chujio, tawanya maji yake: funga bomba refu lenye matundu mengi kwenye njia ya kurudi, ulielekeze kwenye kioo cha nyuma au juu, uso wa maji utikisike kidogo. Mtikisiko huo ndio unaoingiza oksijeni. Wenye mbuna wa Ziwa Malawi hawana haja ya hayo, samaki wale wamezoea kupigwa na mawimbi kwenye miamba.

Swali: Kuna chujio linalonadiwa kwamba ukilifunga hubadilishi maji tena. Nilichukue?

Chukua ukilipenda, lakini ndoo usiitupe. Chujio la kawaida linaishia kwenye nitreti, nayo inalundikana. Kwa tangi lenye samaki wengi, robo ya maji kila wiki.

Swali: Maji yangu ni ya kijani kama supu ya mboga. Niongeze chujio?

Huo ni mwani unaoelea, chembe ndogo mno hata sponji nzuri inazipitisha. Punguza saa za taa, zuia jua la dirishani, punguza chakula. Ikishindikana, taa ya urujuanimno inayofungwa kwenye njia ya maji huua mwani unaopita humo. Yakiwa meupe kama maji ya mchele kwenye tangi jipya, hiyo ni habari nyingine: ni bakteria waliozaliana ghafla, na kwa kawaida maji hutulia yenyewe.

Swali: Kila nikiosha chujio, siku mbili baadaye samaki wanakufa. Naliosha vizuri kabisa, kwa maji ya bomba, mpaka sponji inang'aa.

Hapo kwenye kung'aa ndipo penye tatizo. Klorini imewekwa kwenye maji ya bomba ili iue bakteria, na haibagui. Ukimaliza unarudisha sponji safi isiyo na mfanyakazi hata mmoja, samaki wako palepale, amonia inapanda.

Chota ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kamua sponji humo mara chache uchafu mzito utoke, basi. Itabaki na rangi ya kahawia, iache. Kauri zisuuze tu, na si siku moja na sponji. Usioshe kwa kalenda. Osha unapoona maji yanarudi kwa unyonge. Kwa sasa bakteria wako wanaanza upya, na huchukua wiki 4 hadi 6 kutimia, kwa hiyo lisha kidogo sana, pima amonia na nitriti kila siku, badilisha maji yaliyoondolewa klorini kila zinapopanda. Ukimjua mwenye tangi lililokomaa na lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake chafu, ukibebe kikiwa kimelowa, ukiweke ndani ya chujio lako siku hiyohiyo.