Usilipe kodi ya hilo shamba kabla hujapima udongo

Mkuu, kama hujalipa, usilipe. Umesema umepata robo eka kwa bei ya kutupa, nyuma ya sehemu walipokuwa wanavunja betri za magari, unataka kupanda mchicha na matembele, na kinachokupa moyo ni kwamba magugu yamestawi mpaka kiunoni. Hapo kwenye magugu ndipo nilipoliwa mimi.

Shamba langu lilikuwa hapa hapa Dar, bondeni, maji karibu, na aliyekuwepo kabla yangu alikuwa anayeyusha risasi (lead, ile metali nzito) ya betri chakavu. Nikaenda duka la pembejeo kuuliza kama kuna shida. Jamaa wa pale, anayejiita mtaalamu, akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Mmea haudanganyi. Udongo ukiwa na sumu mmea unakufa. Ukistawi, uza." Natamani siku moja nimkaribishe chakula cha mchana. Mboga ningeiandaa mwenyewe.

Mmea unadanganya, tena vizuri sana. Risasi nyingi inanasa kwenye kuta za seli za mizizi, huko chini ambako huoni. Kadmiamu, metali nyingine yenye sumu, ni janja zaidi, inapita milango ile ile ambayo mmea umeifungulia zinki na chuma, inapanda hadi kwenye jani. Mmea nao haukai kizembe. Unatengeneza vitu vinaitwa fitokelatini, vinaikamata hiyo kadmiamu na kwenda kuifungia kwenye vakuoli, yaani stoo ya ndani ya seli, isiguse mambo mengine. Mmea umepona. Wewe unakuja kuchuma stoo, unakaanga na kitunguu.

Sasa sikiliza kosa lililonimaliza. Wiki ya tatu majani yakaanza njano. Nikarudi kwa yule yule (ndiyo, najua, msinicheke). Akasema nitrojeni imepungua, mwaga SA, ile mbolea ya salfeti ya amonia. Nikamwaga. Baada ya siku kadhaa kijani kikarudi, nikamwaga tena kwa furaha. Hakuna aliyeniambia kwamba madini mazito kama hiyo risasi na kadmiamu yenyewe yanavuruga mmea kupata chuma na majani yanageuka njano, wala kwamba SA inaongeza tindikali kwenye udongo. Na udongo wa pale ulishakunywa maji ya betri! Tindikali ikizidi, madini yaliyokuwa yameng'ang'ania chembe za udongo yanaachia, yanaingia kwenye maji, mizizi inakunywa. Kwa hiyo mimi kwa hela yangu nilinunua mfuko wa kuifungulia sumu mlango. Mchicha ulipendeza kuliko wote bondeni, watu walikuwa wanasimama kuupiga picha.

Mnunuzi mmoja wa hoteli ndiye aliyetaka cheti cha maabara. Majibu: risasi miligramu 1.4 kwa kilo, wakati kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni 0.3. Kadmiamu 0.5, kikomo 0.2. Niling'oa shamba zima, milioni mbili na laki tatu zikaenda. Shemeji akasema niunganishe nyaya kwenye matuta, taa itawaka. Nilicheka. Ila ule mchicha tulikuwa tumeula nyumbani miezi mitatu, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miaka miwili. Hiyo sehemu sicheki.

Pima udongo kwanza. Peleka SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, au TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kule Tanga, uliza kama wanapima risasi na kadmiamu au wakuelekeze wanaopima, na uyataje kwa majina, kwa sababu kipimo cha kawaida ni cha rutuba. Mimi hicho cha rutuba nilikuwa nacho, kimeandikwa "udongo mzuri". Chota sehemu nyingi, hasa pale penye majivu na plastiki za betri.

Atakuja mtu hapa chini kukwambia panda alizeti inyonye sumu. Kwa risasi utanyonyesha mpaka wajukuu. Chokaa na mboji vinapunguza kinachoingia kwenye mmea, havitoi kilichomo. Na hata mizizi ikizuia, mvua inarusha matope kwenye majani, kwa hiyo mboga ya majani ndiyo ya mwisho kupanda hapo. Ukishang'oa, usimpe mbuzi wa jirani. Mimi nilikuwa nimeshamfungulia kamba.

Wa Mombasa waulizeni habari za Owino Uhuru, mtaa wa huko, kiwanda cha kuyeyusha betri kilivyowatia sumu ya risasi, mpaka mahakama ikawapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020. Hao hawakuhitaji hata kula mchicha.

Siku hizi nalima kwenye viroba, udongo naleta kutoka Kisarawe, na huo pia nimeupima. Uliuliza pia habari za mbegu, nafasi na mpira wa matone, wengine watakujibu. Mwenye shamba ameshachukua hela yako au bado?