Kabla hujasaga kidonge cha mgonjwa wako, uliza kwanza

Mama yangu alipoanza kupata shida ya kumeza mimi nikajiona nimepata dawa ya tatizo, nikawa nasaga kidonge chake cha presha nakoroga kwenye maji kidogo anakunywa. Siku ya pili tu, haikupita hata saa nzima, akasema anasikia kizunguzungu, kujaribu kusimama miguu ikagoma, kumpima nakuta presha imeshuka vibaya mno. Nilitetemeka jamani. Nikamlaza, tukamkimbiza hospitali.

Kumbe kile kidonge kimetengenezwa kiachie dawa taratibu kwa saa 24, na mimi kwa kukisaga nimempa dawa ya siku nzima kwa mkupuo mmoja! Mfamasia ndo alinielewesha, tena kwa upole. Tangu siku hiyo najua dawa kuwa nzuri haitoshi, kazi ngumu ni kuifikisha inapotakiwa, kwa kiasi sahihi na kwa muda sahihi.

Maana huko njiani kuna vikwazo. Tumboni kuna asidi, halafu dawa ikishanyonywa kwenye utumbo inapitia kwanza kwenye ini, na ini linaweza kuivunjavunja nyingi kabla haijafika popote, ndo maana naitrogliserini ya maumivu ya moyo inawekwa chini ya ulimi. Insulini nayo ni protini, ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama chakula, kwa hiyo tangu 1922 ilipoanza kutumika kwa wagonjwa mpaka leo wengi wanachoma sindano. Omeprazoli, ile dawa ya vidonda vya tumbo, imevishwa ganda la kuikinga na asidi, ukiitafuna umeshaiharibu.

Dawa ya pumu ya kuvuta pia, wengi wanapuliza inaishia mdomoni na kooni. Toa pumzi kwanza, bonyeza huku unavuta pole pole, halafu bana pumzi kama sekunde 10.

Sasa ukiona herufi kama SR, XR, MR au LA kwenye pakiti, yaani kwa kawaida dawa inaachiwa taratibu, usisage wala usitafune, ila usizitegemee hizo peke yake maana dawa nyingine hazina herufi na bado hazisagwi. Muulize mfamasia hivi hivi: hii inasagika? Ipo ya maji?

Mama yangu naye, daktari kambadilishia dawa, sasa anatumia ya kawaida inayosagika, mara mbili kwa siku, na alamu ya simu yangu inalia saa 1 asubuhi na saa 1 jioni.